Saratani ya utumbo si ugonjwa wa wazungu, na pumba si taka

Ndugu Mhariri,

Katika safu hii mlichapa barua ya msomaji mwenzetu wa hapa Mwanza aliyesema saratani ya utumbo ni ugonjwa wa wazungu, kwamba Mwafrika ana damu yake na tumbo lake, na kwamba daktari anayemwambia mtu wa Kanda ya Ziwa akapimwe utumbo kwa kamera anatafuta pesa. Aliandika kwa adabu, na naamini kwa nia njema. Nimeshindwa kunyamaza kwa sababu maneno hayo nayasikia kila siku kwenye foleni ya mashine yangu, na nimeona yanavyoumiza watu.

Mimi nilifundisha baiolojia katika sekondari za mkoa huu hadi nilipostaafu. Kiinua mgongo changu nilinunulia mashine ya kukoboa na kusaga nafaka, nipo nayo hapa Igoma. Kwa hiyo habari za bakteria nilizifundisha, na habari za unga ndizo zinazonipa riziki. Mambo hayo mawili yanakutana kwenye utumbo mpana wa binadamu, na hapo ndipo ninapotaka kusemea.

Kwanza nimpe msomaji haki yake. Alichosema hakukitoa hewani. Ni kweli kwamba ugonjwa huu ulikuwa adimu kwetu, na aliyeutangazia ulimwengu jambo hilo alifanya kazi ng'ambo tu ya ziwa letu hili. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na akatumikia miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Wengi wanamjua kwa ile saratani ya watoto inayovimbisha taya, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Lakini alichunguza na jambo jingine. Saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo, bawasiri, magonjwa yaliyojaza wodi za kwao Uingereza, huku aliyakuta mara chache mno. Akaandikia hospitali za misheni sehemu nyingi za Afrika kuwauliza wao wanaona nini, na majibu yakafanana. Mwaka 1971 alichapa maelezo yake, na ndani yake hakusema Mwafrika ana damu ya pekee. Alisema ni chakula. Watu hawa wanakula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, akasema, wanapata choo kikubwa, laini, kinachopita upesi.

Sasa msomaji mwenzangu aangalie upande wa pili wa bahari. Wamarekani weusi ni wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Kama kinga ingekuwa ya damu, wangekuwa wameibeba. Badala yake wamo miongoni mwa watu wanaopata saratani ya utumbo kwa wingi zaidi nchini mwao.

Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichapa jaribio ambalo laiti ningekuwa nalo enzi zangu za darasani. Walichukua Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini, wakawabadilishia sahani kwa wiki mbili. Wamarekani wakalishwa chakula cha kijijini, mahindi, maharage na mboga, nyuzinyuzi zao zikapanda kutoka gramu 14 kwa siku hadi 55. Wanakijiji wakalishwa baga, chipsi na nyama za mafuta, zao zikashuka kutoka gramu 66 hadi 12. Kabla ya kuanza wote walipimwa kwa kamera, na karibu nusu ya Wamarekani wakakutwa na vinyama vimeota kwenye ukuta wa utumbo, vile ambavyo vingine huja kugeuka saratani. Kwa wanakijiji hakikuonekana hata kimoja. Baada ya wiki mbili wakapimwa tena. Kuta za utumbo za Wamarekani zilikuwa zimetulia, hazivimbi na kuwaka kama mwanzo, na seli zake zimepunguza kasi ya kuzaliana. Za wanakijiji zimekwenda kinyume chake. Hakuna aliyepata saratani kwa wiki mbili, na jaribio halikudai hivyo. Lakini damu ya mtu haibadiliki kwa wiki mbili. Kilichobadilika ni chakula, na wale wanaokila huko chini.

Hao wanaokila ndio bakteria, na hapa naomba nafasi ya kueleza kidogo, kwa sababu watu wengi wakisikia bakteria wanawaza kipindupindu tu.

Utumbo mpana una bakteria wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili, wanahesabiwa kwa matrilioni. Ukila ugali wa sembe, wanga wake karibu wote unamalizwa na utumbo mwembamba, unafyonzwa na kuingia kwenye damu kuwa sukari. Huko chini kinafika kidogo sana. (Kiporo kina nafuu kiasi, maana ugali ukilala sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kumeng'enywa, nayo inashuka.) Lakini ganda la punje, maharage, kunde, mgagani, mchicha, hivyo vina nyuzinyuzi ambazo mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinashuka jinsi zilivyo mpaka utumbo mpana, na hapo bakteria wanazichachusha. Katika kuchachusha wanatoa asidi za aina kadhaa, na mojawapo inaitwa byutireti. Hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana. Byutireti pia inazituliza chembe za kinga zilizo kwenye ukuta huo zisiwake bila sababu, na maabara wameiona ikizizuia seli za saratani kuendelea kugawanyika.

Bakteria wakikosa nyuzinyuzi hawahami. Wapo wanaogeukia ute unaofunika ukuta wa utumbo wakaanza kuula huo. Mwaka 2016 jambo hili lilionyeshwa wazi kwa panya walionyimwa nyuzinyuzi, ute wao ukawa mwembamba na vijidudu vya maradhi vikapata njia. Bakteria wakiusogelea ukuta, kinga inaamka, ukuta unavimba na kuwaka. Kuwaka kwa siku chache ni ulinzi wa kawaida wa mwili, kidonda chochote kinafanya hivyo. Kuwaka kwa miaka ni jambo jingine kabisa. Seli zinakufa na kuzaliwa upya bila kupumzika, na kila seli inapogawanyika kuna nafasi ya kukosea katika kunakili DNA, yale maelekezo ya urithi yaliyomo ndani yake, na makosa yakilimbikizana ndiyo huzaa saratani. Ndiyo maana watu wenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana uliokaa miaka mingi hufuatiliwa na madaktari wao kwa kamera, kwani hatari yao ya saratani iko juu.

Ongeza hapo mafuta mengi. Ini linamwaga nyongo zaidi, sehemu ya nyongo hiyo inafika utumbo mpana, na kuna bakteria wanaoigeuza kuwa asidi zinazochubua ukuta. Na wapo bakteria wanaodhuru kwa mikono yao wenyewe. Aina fulani za E. coli zinatengeneza sumu iitwayo kolibaktini inayokwaruza DNA na kuacha alama. Mwaka 2025 watafiti walichapa uchunguzi wa vivimbe 981 kutoka nchi 11, wakakuta alama za sumu hiyo ni mara 3.3 zaidi kwa wagonjwa walioipata saratani hii kabla ya miaka 40 kuliko kwa wale wa zaidi ya 70, na wanaona huenda nyingi ziliwekwa utotoni. Kuna mwingine, Fusobakteria, mkazi wa kinywani kwenye fizi mbovu, ambaye tangu mwaka 2012 amekuwa akikutwa ndani ya vivimbe vya utumbo mpana. Anayeona ni ajabu bakteria kuhusika na saratani akumbuke yule wa vidonda vya tumbo, Helikobakta pailori. Shirika la Afya Duniani lilimweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani ya tumbo mwaka 1994, na waliomgundua, Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Basi njooni kwenye mashine yangu.

Mteja akifika na debe la mahindi namuuliza, nikoboe upate sembe nyeupe, au nisage dona, yaani punje nzima na ganda lake? Siku hizi karibu wote wanasema koboa. Wapo wanaosema, mwalimu, nikoboee mara mbili. Mashine inavua punje ganda na kiini chake, na vitu hivyo vinamwagika pembeni, pumba za manjano, bado zina joto, zina harufu tamu ya mahindi mapya. Punje zilizobaki zinaingia kusagwa. Mwenye mali anachota unga kidogo, anausugua kwa vidole, anausogeza kwenye mwanga wa mlangoni aone kama ni mweupe kweli. Pumba hata hazitupii jicho. Anaziacha au ananiuzia, na jioni wafugaji wa kuku na nguruwe wanapita na magunia yao. Kwenye zile pumba ndiko kuliko nyuzinyuzi, mafuta ya kiini na sehemu kubwa ya vitamini na madini ya punje. Kuku wa mtaa huu wanapata hayo, watoto wa mtaa huu wanapata wanga.

Nami kwa kukoboa nalipwa zaidi kuliko kwa dona, na pumba nauza juu yake. Nasema haya nikijua kabisa ni mfukoni mwangu ninapogusa.

Nimewauliza wateja kwa nini hawataki dona. Wengi hawasemi habari ya ladha. Wanasema dona ni ya jela. Wanasema nimeila bweni miaka minne inatosha, na makande yake. Mama mmoja kijana aliniambia mawifi wakija akawapa ugali mweusi watasema nyumba imefilisika. Sikumcheka, najua aibu hiyo ilivyo nzito. Lakini marehemu mama yangu, mzaliwa wa Magu, alitulea kwa ugali wa mtama na wa udaga, kwa mlenda, mgagani na nsansa, kwa choroko na kunde, na kiangazi tulikula michembe kwa maziwa ya mgando. Hakuna mgeni aliyetoka kwake akiona amedharauliwa. Nyama ilikuwa ya sherehe. Leo ukishuka stendi yoyote ya mji huu jioni utakuta vijana wamejipanga kwenye vibanda vya chipsi na soseji, mafuta yamekaangiwa mpaka yamekuwa meusi, na soda mkononi. Hizo nyama za kusindika ndizo ambazo mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka kwenye kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani ya utumbo mpana. Soseji moja ya siku ya mshahara haiui mtu. Mazoea ya kila jioni ndiyo ninayoyaogopa.

Kama msomaji anataka ushahidi wa kwetu na si wa Pittsburgh, upo. Watafiti wa hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wenye afya njema wa Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili cha kijijini wakapewa cha kizungu kwa wiki mbili, waliozoea cha kizungu wakapewa cha asili, nafaka zisizokobolewa, kunde, mboga za majani, ndizi, na kundi jingine likanywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa. Matokeo yalichapwa mwaka 2025. Waliohamia kwenye chakula cha kizungu, viashiria vya mwili kuwaka vilipanda kwenye damu yao na chembe zao za kinga zikapungua ukali dhidi ya vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, viashiria hivyo vilishuka, na sehemu ya mabadiliko ilikuwa bado inaonekana wiki nne baadaye. Hao ni Watanzania, Mhariri. Kama kweli damu yetu inatukinga na chakula kibaya, hao isingewakinga?

Hapa lazima niseme jambo moja zito kuhusu dona, maana nisipolisema nitakuwa nimempeleka mtu kwenye shimo jingine. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, ikiingia kwenye mahindi hukaa kwa wingi kwenye ganda na kiini, na kukoboa huipunguza. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo dona ya mahindi yaliyoota ukungu ni hatari kuliko sembe yake. Mahindi yaanikwe kwenye turubai, si kwenye udongo, yakauke barabara, yachambuliwe kwa mkono, punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kutobolewa zitupwe, wala kuku asipewe. Mteja akiniletea mahindi yanayonuka uvundo siyasagi dona hata akibembeleza, na wengine wamenikasirikia. Anayeona mahindi yake hayaaminiki akoboe, halafu nyuzinyuzi azitafute kwenye maharage, kunde, mtama, viazi vitamu na mboga. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, na kuna njia nyingi za kuzifikia. Anayeanza aongeze polepole, anywe maji, la sivyo tumbo litajaa gesi siku za mwanzo na atasema dona imemkataa.

Sasa nije kwenye madhara ya pili ya imani ile, na haya yananiuma zaidi.

Mtu wa mwambao wa ziwa akiona damu kwenye choo anasema kichocho. Ana sababu. Nilipokuwa kazini, sisi walimu ndio tuliogawa dawa za kichocho shuleni. Wanafunzi wanakula uji kwanza ili dawa isiwachefue, halafu wanapita mmoja mmoja kwenye ubao wa kupimia urefu, na kimo cha mtoto ndicho kinachosema ameze vidonge vingapi. Kichocho cha tumbo kimejaa visiwani na kandokando ya ziwa. Mayai ya minyoo hiyo yanakwama kwenye ukuta wa utumbo, yanauvimbisha, unatoa damu. Ni ugonjwa wa kweli na dawa yake ni ya kweli. Lakini damu kwenye choo haina chanzo kimoja. Na mtu aliyeaminishwa kwamba saratani ya utumbo si ya watu weusi, akimaliza kichocho na bawasiri hana kingine cha kuwaza.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na meza ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Alipoanza kuona damu alikwenda duka la dawa karibu na nyumbani, akapewa Flagyl. Ikatulia, ikarudi. Akapewa tena. Akameza dawa ya kichocho. Damu ikaendelea. Mtu akamwambia ni bawasiri, akaletewa mizizi ya kuchemsha. Katika muda wote huo hakuna aliyemuuliza kama choo kimebadilika, na kilikuwa kimebadilika, kimekuwa chembamba, anakwenda msalani na kurudi akiona bado hakijaisha. Mimi nilistuka siku aliponitembelea nikaona mkanda wake wa suruali ameutoboa tundu jipya kwa msumari, na juu ya hilo jingine. Nilimwambia kesho tunakwenda Hospitali ya Bugando. Akanijibu, "Dada, mimi si mzungu." Daktari alivaa glavu, akapima kwa kidole, na hakuhitaji hata dakika moja kujua kuna kitu. Kamera ikafuata, kinyama kikakatwa kwenda maabara, majibu yakarudi saratani. Amefanyiwa upasuaji, leo anajisaidia kwenye mfuko ulio ubavuni na dripu za saratani anaendelea nazo. Yu hai, namshukuru Mungu na mikono ya wale waliomtibu. Laiti angepimwa mwanzoni kabisa. Na si yeye peke yake: madaktari wa Bugando walishaandika mwaka 2013 kwamba wagonjwa wao wengi wa saratani ya utumbo mpana wanafika ugonjwa ukiwa umekwenda mbali.

Simlaumu muuza dawa yule kwa chuki, alifanya kama wanavyofanya wengi. Lakini Flagyl inaua hasa bakteria wanaoishi pasipo hewa, na bakteria wa utumbo mpana karibu wote ni wa aina hiyo. Ni dawa nzuri kwa amiba iliyopimwa ikaonekana. Kuimeza kila tumbo linapouma, pamoja na zile kapsuli za antibiotiki za rangi mbili zinazouzwa moja moja bila cheti, ni kuwafyeka wale wanaotutengenezea byutireti, na wenye madhara wakapata nafasi. Halafu dalili inanyamaza kwa muda, mtu anarudi kwenye shughuli zake, na kivimbe kinaendelea kukua.

Kwa hiyo naomba kila anayesoma hapa ashike hili. Ukiona damu kwenye choo, pimwa kichocho, meza dawa. Damu ikiendelea baada ya hapo, au choo kikibadilika kwa majuma, kiwe kigumu leo na cha kuharisha kesho, kiwe chembamba, au ukipungua mwili bila kujinyima, au ukaambiwa damu imepungua na haijulikani inakokwenda, nenda hospitali na uombe kupimwa kwa kidole. Kipimo hicho hakina umeme wala foleni ya mashine, na vivimbe vingi vilivyo karibu na njia ya haja kubwa vinaguswa kwa kidole. Aibu yake ni ya dakika moja. Kile kipimo cha kutafuta damu isiyoonekana kwenye choo, ambacho nchi nyingine wanakitegemea, kwetu huku kinaweza kuchanganya kwa sababu hiyo hiyo ya kichocho, hivyo usiridhike nacho peke yake. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani hii amwambie daktari mapema, maana nyingine zinatembea kwenye ukoo. Na asidhani mtu kwamba kwa kula dona amekata bima. Umri, pombe, sigara, unene na urithi vyote vina sehemu yake. Nyuzinyuzi zinapunguza hatari, na aliyekwisha kuugua haziwezi kumponya. Mdogo wangu ameletewa unga wa kila namna na watu wanaomwambia aache hospitali, na nimewakatalia mlangoni.

Kwa wakuu wa shule na kamati za chakula, nawaomba msibadilishe makande na dona kuwa sembe na wali kila wazazi wanapolalamika. Wekeni bidii kwenye ubora: mahindi makavu yaliyochambuliwa, maharage yaliyoiva vizuri, mboga ya majani kila siku badala ya mara moja kwa juma. Mtoto akila dona nzuri iliyopikwa vizuri hataikumbuka kuwa adhabu. Na kwa wataalamu wa lishe wanaopita wakitangaza unga ulioongezwa virutubishi, kazi hiyo naiunga mkono, madini ya chuma na foliki asidi watoto na wajawazito wanavihitaji sana. Ila waambieni watu wazi kwamba virutubishi vile havirudishi nyuzinyuzi zilizotoka kwenye kinu. Wateja wangu wanadhani vinarudisha.

Mwisho ni ombi kwako, Mhariri. Una ukurasa wa afya kila wiki. Mwombe daktari mmoja wa upasuaji au wa saratani wa hapa Mwanza aandike nani apimwe, aanzie zahanati gani, rufaa inakwendaje na bima inalipa nini, kwa sababu hayo mimi sina mamlaka ya kuyasemea na ndiyo watu wanayoniuliza mashineni. Na kama nafasi ya barua hii ni finyu, Burkitt na Pittsburgh unaweza kuwakata. Yale ya damu kwenye choo naomba uyaache yote.

Mwalimu mstaafu,
Igoma, Mwanza